Siku Sita Mlimani na Daftari la Mvua

Daftari langu lina safu nne: tarehe, milimita, upepo na mengineyo. Kila siku saa tatu asubuhi, saa ileile ambayo vituo vya hali ya hewa nchini husoma mvua, natoka uani hapa Moshi kusoma kipimamvua changu. Ni chupa tu niliyoikata shingo, shingo nikaigeuza juu chini iwe faneli. Milimita moja ni lita moja ya maji kwenye kila mita ya mraba. Ukishazoea hesabu hiyo, huwezi tena kusema "imenyesha kweli" ukaridhika.

Kwa miaka mitano mlima wa Kilimanjaro umeishi kwenye safu ya mengineyo. "Mlima wazi." "Mlima umejifunika." "Wazi hadi saa tatu, kisha basi." Binamu yangu, mhasibu mwenye kejeli za kihasibu, alilifunua daftari siku moja akauliza: "Haya mawingu unayoyaandika kila siku, umewahi kuyaona mgongo?"

Sikuwa nimewahi. Tukapanga twende mwishoni mwa Februari, kwa njia ya Marangu. Yeye alitaka picha kwenye kibao cha Uhuru, kileleni. Mimi nilitaka mgongo wa mawingu.

Usiku wa kuamkia safari

Februari ni kamari ndogo. Kaskazi bado inavuma, kiangazi hakijaisha, lakini masika yanaweza kubisha hodi kabla ya Machi kuingia vizuri. Watu wengi hupanda Januari na Februari, au kuanzia Juni kipupwe kinapoingia hadi Oktoba. Aprili mlima huachiwa wagumu, yaani wapagazi, na bata.

Vifaa: vipimajoto viwili vya kioo, kimoja nimekivisha kipande cha utambi wa jiko la mafuta ya taa kwenye balbu; saa ya mkononi yenye barometa, inayokadiria urefu kwa mgandamizo wa hewa; kikombe cha bati chenye ukuta ulionyooka; penseli tatu, maana wino hugoma kwenye baridi kali. Binamu alipima mzigo wangu kwa macho akasema kuna watu wanabeba biskuti.

Kipimamvua cha nyumbani nilimkabidhi mpwa wangu wa darasa la tano. Nikamwonyesha: macho yawe usawa wa maji, usome pale chini kabisa maji yanapojikunja, uandike, kisha umwage. Akasikiliza kwa makini kuliko nilivyotarajia.

"Mjomba, nikikuta mdudu?"

"Andika kwenye mengineyo."

Siku ya kwanza: Marangu hadi Mandara

Getini, mita 1,870 hivi, saa nne na nusu asubuhi. Wakati binamu anapanga foleni ya kujiandikisha, mimi nililowesha utambi na kukipepea kipimajoto kile cha pili kama mtu anayefukuza nzi. Kikavu kilisoma nyuzi 22, chenye utambi 18. Maji yanapokauka hupoza balbu. Hewa ikiwa kavu yanakauka upesi na tofauti inakuwa kubwa. Kwa jedwali nililolinakili nyuma ya daftari, hewa ile ingehitaji kupoa hadi nyuzi 16 na kidogo ndipo umande utunge. Na kwa kuwa kila nyuzi moja ya pengo hilo ni kama mita 125 za kupanda, wingu lilipaswa kuanza mita 700 juu yetu, yaani kwenye mita 2,570 hivi.

Nilimwambia kiongozi wetu kwamba tutaingia ukunguni kabla kidogo ya Mandara, kituo chetu cha kwanza cha kulala. Ni mzee wa hapohapo Marangu, mfupi, mwenye kofia ya sufi isiyovuliwa. Alinitazama kwa upole. "Kila siku tunaingia ukunguni kabla ya Mandara," akasema.

Basi. Tukaanza kupanda.

Msitu ule unanyweshwa kuliko sehemu nyingine yoyote ya mlima. Hewa yenye unyevu inapandishwa na mteremko, inapoa, inamwaga. Upande huu wa kusini, kwenye mita 2,000 na ushei, ndipo mvua ya mwaka inapofikia kilele chake. Ukizidi kupanda inapungua, na huko Kibo, kilele kikuu chenyewe, ni jangwa. Kwa hiyo watu wanaosema wanapanda "kuelekea kwenye mvua" wanakosea. Mvua unaiacha nyuma siku ya pili.

Mbega walikuwa wanaruka juu yetu, mikia yao myeupe ikining'inia sawasawa na ndevu za kuvu zinazoning'inia matawini. Saa ya mkononi iliposoma mita 2,490, pumzi ya kwanza ya ukungu ikapita njiani, na hatua hamsini mbele dunia ikafungwa. Nilikuwa nimekosea kwa mita 80. Niliandika kwa fahari. Mzee alisubiri nimalize, akasema tu, "Twende, mwanangu."

Mandara, saa nane mchana, mita 2,720 kwa mujibu wa kibao. Hapa nilifanya jaribio ambalo ningelipendekeza kwa yeyote. Niliweka kikombe cha bati uwanjani, peupe, na kingine cha kuazima jikoni chini ya mti wenye ndevu. Saa mbili baadaye cha peupe kilikuwa kikavu. Cha chini ya mti kilikuwa na maji ya kuzamisha ncha ya kidole. Hakuna tone lililokuwa limenyesha. Ukungu unapopita kwenye majani na kuvu unakwamishwa, matone yanaungana, yanadondoka. Kipimamvua cha kawaida, ambacho sharti kiwekwe mbali na miti, maji hayo hakiyaoni kabisa.

Usiku nilicheka peke yangu kitandani. Saa kumi alasiri nilikuwa nimeiweka saa isome 2,720 sawa na kibao. Saa nne usiku nikaangalia: 2,702. Nimeshuka mita 18 nikiwa ndani ya blanketi.

Hii ina historia yake. Nilipoanza uangalizi nilikuwa na kitabu kilichoandikwa kwa watu wa nchi za baridi, na kilisema wazi: mgandamizo wa hewa ukishuka, jiandae kwa mvua. Basi kila alasiri barometa ilishuka, na kila alasiri nilianua nguo. Kuna siku nilianua hata za jirani. Jua likaendelea kuwaka. Ilinichukua miezi kugundua kwamba huku kwetu karibu na ikweta mgandamizo una saa zake: unapanda hadi saa nne, unashuka hadi saa kumi, mchana na usiku, mara mbili kwa siku, kama maji ya bahari yanavyojaa na kupwa. Jua linapasha anga, anga lote linapumua. Tofauti ni hektopaskali mbili au tatu tu, lakini siku nyingi hiyo ndiyo tofauti pekee utakayoiona. Vimbunga vya mgandamizo mdogo vinavyowaletea mvua watu wa Ulaya havitufikii. Saa yangu haijui hayo. Mgandamizo ukipanda inadhani nimeshuka.

Siku ya pili: Mandara hadi Horombo

Alfajiri nyuzi 7, kimya, nyota. Upepo wa usiku mlimani hushuka: hewa iliyopoa ni nzito, inateleza bondeni kama maji. Nilisimama mlangoni nikausikia ukipita kwenye vifundo vya miguu, kutoka juu kwenda chini. Jua likishapasha miteremko mambo yanageuka, upepo unapanda, na ndiyo maana kule nyumbani mlima unafungwa saa tatu au nne. Unajifunika kwa pumzi yetu wenyewe.

Tulitoka saa mbili. Tulipotokeza tu juu ya msitu, Mawenzi, kile kilele cha pili, akasimama mbele yetu na meno yake yote, na tukageuka nyuma.

Huo hapo, mgongo wa mawingu.

Nilikuwa nimejiandaa kuona kitu laini kama pamba, maana ndivyo kila mtu anavyosema. Hakikuwa laini. Kilikuwa na mabonde, na mistari iliyopangika kama matuta ya viazi, na sehemu fulani mawimbi yaliyogandana, na kila kitu kilikuwa kinatembea polepole kutupandia. Luke Howard, mfamasia wa London ambaye mwaka 1802 aliyapa mawingu majina ya Kilatini tunayotumia hadi leo, alikuwa mtu wa kujitolea kama sisi, bila cheo cha hali ya hewa. Majina yake yote yalitokana na kutazama juu. Kumulasi, yaani lundo: ukilitazama kwa chini unaona kitako bapa. Kwa juu unaona mapovu.

Binamu alipiga picha mbili akaulizia chakula.

Kuanzia saa tano lile shuka la mawingu lilitufikia na tukatembea ndani yake hadi Horombo, kituo cha pili. Saa tisa kasoro, mita 3,700 hivi, kikaanza kupigapiga kwenye koti kitu kama mchele. Vipunje vyeupe, vidogo kuliko njegere, ukivibana vinavunjika kama chumvi ya mawe. Si mvua ya mawe yenyewe, ile ngumu inayotoboa migomba. Hivi ni vipande vya theluji vilivyozolewa na matone ya baridi kali vikafungwa fundo. Msimu huu joto la sifuri huwa liko karibu na mita 4,800, kwa hiyo vilikuwa vimeshuka kilomita nzima kwenye hewa ya juu ya sifuri bila kuyeyuka vikaisha. Nilivikusanya kwenye kikombe cha bati, nikavikumbatia hadi vikawa maji: milimita 2.

Kwenye safu ya upepo: namba 3 kwa kipimo cha Beaufort, kutoka kusini, yaani kutoka kwetu.

Siku ya tatu: Horombo, kuzoea

Siku hii huwa ya kuzoea hewa, na wengi huiita ya kupoteza. Kwangu ndiyo iliyolipa safari.

Niliamka saa kumi na moja alfajiri. Nyuzi 2 chini ya sifuri. Kwenye mbao za vijia kulikuwa na sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri, nyeupe, yenye vidole vilivyosimama, na ilisikika chini ya kiatu kama mtu anayetafuna bisi. Mzee alikuwa ameshaamka, kikombe cha chai mkononi, na nilipomwambia ninakwenda kuona lobelia akachukua tochi yake. "Utazame, usiguse," akasema.

Lobelia ya Kilimanjaro ni kama kabichi iliyokaa chini, na katikati ya majani yake huweka maji. Mchana umefunguka. Alfajiri ile majani yalikuwa yamekunjana juu ya moyo wa mmea kama kiganja kinachofunika mshumaa, na pale penye mwanya mwanga wa tochi ukagonga barafu: utando mwembamba wenye mistari, na chini yake kiputo kimoja cha hewa kikitikisika mzee alipoinama karibu. Kwa hiyo chini yake palikuwa na maji bado. Hapo ndipo penye ujanja. Maji yanapoganda hutoa joto kidogo, na maadamu kuna maji yasiyoganda, kichipukizi kilichozama humo hakipoi sana chini ya sifuri, hewa ya nje ifanye itakavyo. Jirani yake, zile senesio kubwa zenye vichwa kama minazi, hufanya vingine: majani makavu hayadondoki, yanabaki yamelizunguka shina kama koti, na yale mabichi hufunga usiku.

"Kila siku kiangazi, kila usiku kipupwe," nikasema.

"Kipupwe gani," mzee akajibu. "Kipupwe cha kwenu mnavaa sweta."

Tulipanda hadi Miamba ya Pundamilia, karibu mita 4,000, mwamba mweusi wenye michirizi myeupe iliyochorwa na maji yanayochuruzika. Kichwa kikaanza kuniuma pembeni, kidogo. Tukarudi mchana. Binamu alilala. Mimi nilikaa juu ya jiwe na daftari, nikiandika kila nusu saa, na ukurasa ule naupenda: saa nne, shuka la mawingu liko chini mbali, saa tano, limeanza kutoa vichwa, saa sita na nusu, limefika kwenye vyoo, saa saba hadi kumi, sioni kitu, saa kumi na moja na nusu, linazama tena. Kumbe "mlima umejifunika" nilivyokuwa nikiandika miaka mitano si jambo moja. Ni safari ya kwenda na kurudi, na mimi nilikuwa nasoma mlango tu.

Jioni, kusini, upande wa Moshi, moja ya vile vichwa halikuzama na mengine. Lilibaki limesimama, likawa mnara, jua la machweo likalipaka rangi ya embe, kisha kilele chake kikatandazika pande zote kama fuawe la mhunzi. Kumulonimbasi, wingu la radi. Ndipo nilipopata aibu yangu ya siku, maana tangu jana nilikuwa najigamba kwamba tuko juu ya mawingu. Tulikuwa juu ya yale mafupi tu. Lile lilikuwa na miguu chini yetu, na kichwa chake kilikuwa juu kuliko Uhuru, pengine zaidi ya mara mbili.

Giza lilipoingia likaanza kuwaka. Likiwaka unaona utumbo wake wote, vyumba ndani ya vyumba, rangi ya zambarau na maziwa, kisha giza. Nilijaribu kuhesabu: sauti ya radi huchukua kama sekunde tatu kwa kila kilomita. Nikahesabu hadi themanini. Kimya kabisa. Kutoka pale hadi Moshi ni kama kilomita 25 kwa mstari ulionyooka, na radi mara nyingi haisikiki umbali huo. Wagumu watatu walikuja wakasimama nasi, mikono kwapani. Tulikuwa tunatazama ngurumo isiyo na ngurumo.

"Hilo linanyesha kwenu," mzee akasema.

Nilimkumbuka mpwa wangu na ile chupa uani.

Siku ya nne: Horombo hadi Kibo

Fupi. Tandiko, ile nyika kati ya Mawenzi na Kibo, ni kokoto na upepo. Hakuna mti, hakuna maji; kuna kibao kinachokuambia maji ya mwisho ni haya. Hewa kavu kiasi kwamba kipimajoto chenye utambi kilishuka nyuzi 7 chini ya mwenzake nilipokipepea, na midomo ya binamu ikapasuka.

Kibo alikuwa wazi mbele yetu muda wote. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona weupe ule kwa mbali, na alipomuuliza kiongozi wake ni nini, akajibiwa kwamba ni "baridi" tu. Wasomi wa Ulaya walimcheka Rebmann miaka kadhaa, theluji karibu na ikweta haiwezekani. Kiongozi wake hakuwa na neno la theluji lakini alikuwa na jibu, na nikiwa pale nyikani na pua inayochuruzika niliona ni jibu zuri kuliko yote.

Kibanda cha Kibo, mita 4,720, saa tisa. Mgandamizo hektopaskali 578, getini siku ya kwanza zilikuwa 815. Maji yanachemka kwa nguvu lakini ukitia kipimajoto yanasimama kwenye 85. Chai haikolei. Wali ulikuwa na moyo mgumu na mpishi akaomba radhi kwa kosa ambalo si lake.

Kichwa kinauma sasa kweli. Nimeandika kwenye mengineyo.

Siku ya tano: usiku, na kurudi

Saa sita kasoro usiku tulianza kupanda. Sitalipamba hili. Unaona visigino vya mtu aliye mbele ndani ya duara la tochi, mchanga unarudi nusu ya kila hatua, na unasikia "pole, pole" hadi neno linakosa maana. Kwenye pango la Hans Meyer nilitapika. Karibu na ukingo wa kreta maji ya chupa ya binamu yaliganda kwenye mrija.

Gilman, hapo ukingoni, mita 5,685 hivi, saa kumi na mbili kasoro kumi. Nyuzi 11 chini ya sifuri, upepo namba 5, yaani kilomita 30 kwa saa au zaidi kidogo. Kwa mwili ulio wazi hiyo ni sawa na baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri katika hewa tulivu, kwa sababu upepo unakuvua ile hewa iliyopata joto la ngozi yako kabla hujaifaidi. Niliandika namba hizo kwa penseli iliyoshikwa kama mchi. Mwandiko siutambui.

Jua likatoka nyuma ya Mawenzi, likiwa limebanwa, bapa, kama tambi nyekundu kwanza. Chini yake shuka lote, mgongo wote, kutoka Kenya hadi pasipo na mwisho. Upande wa pili kreta, na mabaki ya barafu yamesimama kama kuta za nyumba iliyobomolewa. Tangu 1912 zaidi ya asilimia 80 ya barafu hiyo imetoweka. Nilidhani ingekuwa inachuruzika. Haikuwa. Kwenye hewa kavu na jua kali vile, sehemu kubwa hugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia maji, na kinachoilinda ni theluji mpya: ikianguka, barafu inakuwa nyeupe na kulirudisha jua, msimu ukiwa mkavu inachakaa, inakuwa ya kijivu, inalinywa jua.

Mzee aliniambia nitembee hatua tano kwenye mstari. Nikatembea. Alitazama miguu, hakutazama uso. "Basi, mwanangu. Wewe unashuka."

Sikubishana. Ningependa kusema nilisikitika, lakini nilikuwa nimechoka mno kusikitika. Msaidizi wake alinishika kwapa. Nilimpa binamu kipimajoto na maagizo: kivuli, urefu wa kifua, dakika tano, usishike balbu, usome, uandike. Akatikisa kichwa kama mtu anayepewa orodha ya sokoni, akaondoka na mzee kuelekea Uhuru.

Tulikutana kibandani Kibo saa nne. Uso wake ulikuwa umevimba kwa jua na furaha. Alinionyesha picha ya kibao, akiwa amefumba jicho moja. Kisha akasema, "Na hii sijui ni nini, nimeipiga kwa sababu ilikuwa ya ajabu." Ilikuwa kivuli cha mlima. Kimelala magharibi juu ya mawingu, kikipita kaskazini mwa mlima Meru, pembetatu kamili yenye ncha kali, wakati Kibo juu ni bapa kama meza. Kivuli cha mlima wowote mkubwa huonekana hivyo ukikitazama kutoka kileleni, kwa sababu kingo zake zinakutana kwa mbali kama reli mbili zinavyoonekana kukutana. Nilikuwa nimesoma habari zake miaka mingi. Yeye alikiona bila kukitafuta.

"Na kipimajoto?"

"Nyuzi nne."

"Chini ya sifuri?"

"Hapana, nne. Nzuri tu. Nilikibana vizuri ndani ya glavu kisipepesuke."

Kwenye mstari wa Uhuru, mahali pa joto, nimeweka kistari.

Siku ya sita: Horombo hadi getini, na nyumbani

Kichwa kilipona mita 3,720, kama taa iliyozimwa. Tuliteremka kwa mwendo wa haraka, mbele yetu mawingu yakitupandia kama kawaida yake, nasi safari hii tukiyaendea. Nilipoingia kwenye mapovu nilijua niko wapi: saa ilikuwa inasoma 2,800 na ilikuwa saa nne na robo, na nikajua kwamba mtu yeyote aliyesimama uani Moshi dakika ile alikuwa anaandika, au anaweza kuandika, kwamba mlima umejifunika.

Msituni mvua ilitupata, ya kweli, manyunyu kwanza kisha ya kumwagika. Njia ikawa kijito chekundu. Mzee alitembea vilevile alivyotembea siku zote. Getini nilimshukuru, akanishika mkono kwa mikono miwili, akaniuliza kama nitarudi kumalizia. Nikamwambia nitarudi Agosti, nione kusi inavyoyapanga mawingu. Alicheka. "Njoo na biskuti," akasema. Sijui nani alimwambia.

Nyumbani nilifika saa moja usiku. Mpwa wangu alikuwa amelala. Daftari la uani lilikuwa mezani, limefunguliwa kwenye ukurasa wake. Sifuri, sifuri, sifuri, kila moja imezungushiwa duara. Kisha asubuhi ya siku yetu ya nne, baada ya usiku ule wa ngurumo isiyo na ngurumo, mstari umejaa hadi pembeni:

Milimita: 31. Upepo: uling'oa bati la banda la kuku. Mengineyo: "Kichura kiliziba shingo ya chupa. Nimekitoa, maji yakashuka yote, ndipo nikasoma. Radi ilitutisha sana, bibi alifunika vioo. Mlima haukuonekana."